Kuushika Upepo Enguserosambu: Mwongozo wa Ziara ya Sayansi kwa Mwalimu

Mwalimu, huhitaji kuwapandisha wanafunzi ndege ili waelewe kinachoibeba ndege. Enguserosambu, huko tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, kuna miteremko inayopigwa na upepo wa kiangazi, anga iliyo wazi, na tumbusi. Shule nyingi za mjini zinakosa vyote vitatu. Mwongozo huu ni wa kupanga ziara ya siku moja kwa miguu ya kujifunza aerodinamiki, yaani elimu ya jinsi hewa inavyokinza, kusukuma na kubeba kitu kinachopita ndani yake. Unafaa kuanzia darasa la sita hadi kidato cha nne. Hesabu zinazozidi umri wa darasa lako ziruke bila wasiwasi. Kama gari litapatikana siku nyingine, mbele kuna sehemu ya kutembelea uwanja mdogo wa ndege upande wa Wasso na Loliondo.

Kwa nini mtoke darasani

Hewa haionekani, na mtoto ambaye hajawahi kuihisi ikimvuta mkono atazikariri nguvu nne za kuruka (uzito, nguvu ya kunyanyua, msukumo na ukinzani) kama anavyokariri majina ya mito. Mtihani ukipita, zimepotea. Akishaishika hewa kwa mikono yake, jina la nguvu linakuja likiwa na mahali pa kukaa. Kwa hiyo utaratibu wa ziara hii ni mmoja: mkono kwanza, kipimo pili, jina mwisho. Usiugeuze.

Waliotangulia nao walianzia hapo. Otto Lilienthal wa Ujerumani, aliyeruka mara nyingi kwa mabawa yasiyo na injini katika miaka ya 1890, alianza kwa kuwachunguza korongo weupe. Kitabu chake juu ya namna wanavyoruka kilitoka mwaka 1889. Korongo wa aina hiyo hiyo hushuka kutoka Ulaya kila mwaka, na kati ya Novemba na Machi huonekana kwenye nyasi za Serengeti na Loliondo. Wanafunzi wako wanawajua kwa sura. Wilbur na Orville Wright wa Marekani walijaribu tiara mwaka 1899, wakapima vibawa vidogo ndani ya sanduku la upepo mwaka 1901, na ndipo Desemba 17, 1903, injini yao ikambeba mtu kwa sekunde 12.

Wewe mwenyewe uwe na maelezo haya kichwani kabla hamjatoka. Bawa likikaa mshazari kidogo mbele ya upepo, huuelekeza upepo chini. Hewa iliyosukumwa chini nayo hulisukuma bawa juu, kama kanuni ya tatu ya Newton inavyosema. Wakati huo huo mgandamizo wa hewa juu ya bawa huwa mdogo kuliko ule wa chini yake, na hapo ndipo kanuni ya Bernoulli inapoingia. Maelezo hayo mawili hayapingani. Ni jambo moja linalotazamwa kutoka pande mbili.

> KOSA LINALOFUNDISHWA SANA
> Utasikia kwamba hewa ya juu ya bawa hukimbia kwa sababu njia yake ni ndefu, na lazima ikutane na hewa ya chini kwenye ukingo wa nyuma. Si kweli. Hakuna kinachozilazimisha zikutane, na vipimo vinaonyesha kwamba hewa ya juu hufika mapema. Isitoshe, tiara haina mgongo uliotuna, na inaruka. Mwanafunzi akikuuliza tiara basi hurukaje, mpongeze.

Maandalizi: wiki mbili kabla

1. Zungumza na mwalimu mkuu, kisha mjulishe Afisa Elimu Kata kwa maandishi. Taja njia mtakayopita, idadi ya wanafunzi na saa ya kurudi.

2. Nenda ofisi ya kijiji. Mkitaka kupita pembezoni mwa msitu, waone pia wasimamizi wa msitu wa jamii, maana msitu huo wa asili unatunzwa na wanavijiji wenyewe na una taratibu zake. Katika safari hiyo hiyo uliza siku ya mnada. Siku ya mnada ni mbaya kwa ziara: njia zinajaa mifugo na nusu ya darasa itahitajika nyumbani.

3. Pata ridhaa ya wazazi. Karatasi pekee haitoshi kwa mzazi asiyesoma. Mtume mwanafunzi na mtu mzima, au zungumza nao kwenye mkutano wa shule.

4. Tafuta morani wawili au watu wazima wengine wanaoijua njia. Pembezoni mwa msitu kunaweza kuwa na nyati, na nyati hajali kama mna daftari.

5. Chagua mahali. Unatafuta mteremko mpana unaotazama upepo, usio na genge, nyaya za umeme wala miti mikubwa, na ambao mtoto mdogo wa darasa anaweza kuupanda bila kuchoka. Upitie mwenyewe mapema, saa ile ile mtakayokuwepo na wanafunzi. Upepo wa saa 2 asubuhi si upepo wa saa 5.

6. Tengenezeni tiara shuleni. Kazi ya visu na fito isiachwe ifanyike mlimani.

Msimu unaofaa ni kiangazi, Juni hadi Oktoba, au kipindi kikavu cha Januari na Februari. Mvua za Machi hadi Mei ziache zipite.

Kutengeneza tiara

Kila kundi la wanafunzi watano litengeneze moja.

1. Chukueni fito mbili nyembamba na nyepesi: moja ya sentimita 80, nyingine ya sentimita 70.

2. Zifungeni msalaba kwa uzi, ufito mfupi ukikatiza ule mrefu sentimita 20 kutoka juu. Pimeni mizani kwa kidole: pande za kulia na kushoto zilingane uzito. Upande ukilemea, chongeni ufito, msiongeze karatasi.

3. Zungusheni uzi kwenye ncha zote nne ili kupata umbo la almasi.

4. Bandikeni karatasi ya kaki, ile ya kufunikia madaftari. Gundi ya unga wa ngano uliochemshwa inatosha. Msitafute mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

5. Fungeni uzi wa hatamu kwenye ufito mrefu, juu na chini, ukiwa umelegea kiasi. Fundo la kushikia kamba liwe karibu na pale fito zinapokatizana, juu kidogo.

6. Ongezeni mkia wa mita 3 wenye vipande vya kitambaa.

Tiara ikizunguka-zunguka na kupiga kichwa chini, refusheni mkia. Ikigoma kupanda ilhali upepo upo, sogezeni fundo la hatamu kidogo kidogo, nusu sentimita kila mara. Waache wanafunzi wasumbuke na fundo hilo, kwa sababu wanapolisogeza wanabadili mshazari wa bawa, na hilo ndilo somo lenyewe. Mwalimu anayewanyang'anya tiara ili "aiweke sawa" anawapokonya sehemu bora ya siku.

Orodha ya kukagua asubuhi ya safari

☐ Tiara, kamba imara isiyo ya nailoni nyembamba, na kijiti cha kuviringishia
☐ Mizani ya springi ya nyutoni 10, na ya 20 au zaidi kama maabara inayo
☐ Kipima pembe, uzi na kijiwe cha kuning'iniza
☐ Saa yenye mkono wa sekunde
☐ Shuka nne zisizochanika
☐ Utepe wa kupimia, au kamba yenye mafundo kila mita moja
☐ Daftari na penseli (kalamu ya wino husumbua kwenye baridi ya asubuhi)
☐ Maji, uji au chakula, sanduku la huduma ya kwanza
☐ Majina ya wanafunzi. Wahesabuni kabla ya kuondoka, katika kila kituo, na mkirudi

Kituo cha kwanza: shuka

Kama ningeruhusiwa jaribio moja tu siku nzima, ningechagua hili. Halina gharama na halimwachi mtu nje.

Wanafunzi wawili wasimame wakiutazama upepo, kila mmoja akishika pembe mbili za shuka, ya mbele na ya nyuma. Waikaze iwe bapa kama mlango uliolala, usawa wa kiuno. Shuka itatetemeka kidogo tu. Sasa wainue ukingo wa mbele kwa upana wa viganja viwili. Hapo mikono inavutwa juu, na utaliona kwenye nyuso zao kabla hawajasema kitu. Waendelee kuinua polepole: mvuto unakua, unakua, kisha ghafla shuka inaanza kupigapiga, na badala ya kuwavuta juu inawasukuma nyuma.

Wasimamishe hapo hapo uulize: kimebadilika nini? Acha wabishane kwa Kimaa wakitaka, kisha waandike kwa lugha ya somo. Walichokigundua ni kwamba mshazari ukizidi kiasi, hewa haiwezi tena kuufuata mgongo wa bawa. Inakatika na kugeuka vurugu. Kwa ndege nyingi jambo hilo hutokea mshazari unapokaribia nyuzi 15. Rubani hulihofia kuliko injini kuzimika, kwa sababu ndege iliyozimika injini bado inaweza kuteleza hewani, lakini bawa lililopoteza hewa limeacha kubeba.

Rudieni jaribio shuka ikiwa imekunjwa nusu. Kisha warudie wakikimbia dhidi ya upepo. Kundi makini litagundua kwamba kuongeza mwendo kunaongeza mvuto kuliko walivyotarajia: mwendo wa hewa ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne.

> TAHADHARI
> Shuka isifungwe shingoni wala kiunoni wakati wa jaribio. Kukimbia kufanyike kwenye tambarare tu.

Kituo cha pili: tiara

Kwanza kadirieni upepo kwa macho. Majani yakitikisika bila kupumzika, ni kama kilomita 12 hadi 19 kwa saa: wakati mzuri. Vumbi na karatasi zikipeperuka, ni kilomita 20 hadi 28: tiara itaruka, lakini shikeni kwa mikono miwili. Miti midogo ikianza kuyumba, shusheni.

1. Mmoja ashike tiara hatua 20 upande unakoelekea upepo, mwingine ashike kamba. Aachie bila kuirusha.

2. Ikitulia angani, fungeni mizani ya springi kwenye kamba na msome mvuto kila nusu dakika, mara kumi. Tiara ya ukubwa huu kwenye upepo wa wastani huvuta kama nyutoni 3 hadi 7. Sindano haitatulia, waandike ya chini na ya juu, watafute wastani.

3. Pimeni pembe ya kamba kutoka ardhini kwa kipima pembe chenye uzi na kijiwe.

4. Ondoeni mkia nusu, mpime tena. Ongezeni mkia mara mbili, mpime tena. Badilisheni kitu kimoja kila mara.

Pembe inasema mengi. Kamba iliyosimama karibu wima ina maana kwamba nguvu ya kunyanyua imeuzidi sana ukinzani. Iliyolala ina maana mkia au mshazari unaiburuta tiara nyuma. Kidato cha nne waigawe nguvu ya kamba katika sehemu mbili, ya wima na ya mlalo.

> TAHADHARI
> Tiara isirushwe mawingu ya radi yanapojikusanya, karibu na nyaya za umeme, wala jirani na uwanja wa ndege. Kamba isizungushwe mkononi. Kamba iliyokatika itafutwe hadi ipatikane. Ikibaki mtini au ardhini itanasa miguu ya ndege wa porini na ndama.

Kituo cha tatu: tumbusi

Hapa mnakaa chini, mnanyamaza, mnatazama. Kuanzia kama saa 3 hadi saa 5 asubuhi, jua linapoipasha ardhi joto, hewa iliyo juu yake hupata joto na kupanda. Tumbusi wanaijua saa hiyo; asubuhi na mapema utawaona wametulia mitini. Chamchela ikitokea tambarare, waonyeshe wanafunzi: vumbi hilo linaonyesha hewa inayopanda, ile ile inayombeba tumbusi akizunguka bila kupiga bawa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasayansi Mwingereza Colin Pennycuick aliwafuata ndege hawa juu ya Serengeti kwa ndege ndogo ya kuteleza yenye injini ya kusaidia. Alizima injini akazunguka nao ndani ya hewa inayopanda. Vipimo vyake vilionyesha kwamba tumbusi mgongo mweupe, akiteleza kwenye hewa tulivu, husonga mbele kama mita 15 kwa kila mita 1 anayoshuka. Tumbusi wa Rüppell, ambao huzaliana kwenye magenge ya milima ya Gol, huweza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye kiota kutafuta mzoga. Mmoja wa aina hiyo aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, Novemba 29, 1973, kwenye kimo cha kama mita 11,300.

Kila kundi lichore jedwali lenye: saa, sekunde za mzunguko mmoja, amepiga mabawa mara ngapi, miguu iko wapi, chini yake kuna nini (mawe, nyasi, kivuli, njia ya vumbi). Safu ya miguu ina sababu. Tumbusi anayetaka kushuka haraka hudondosha miguu yake ili kuongeza ukinzani. Watazame pia ncha za mabawa: manyoya ya mwisho yameachana kama vidole, na hupinda juu yakibeba uzito. Mpangilio huo hupunguza hewa inayovuja na kujiviringisha kwenye ncha, na hivyo hupunguza ukinzani.

Hesabu ya papo hapo: mkichukulia mwendo wa mita 12 kwa sekunde na mzunguko wa sekunde 15, duara lina mita 180, kipenyo chake kama mita 57. Wapime mita 57 ardhini kwa hatua, wasimame pande mbili, watazame juu tena.

> TAHADHARI
> Tumbusi wengi wakishuka mahali pamoja, kuna mzoga. Msiusogelee. Kuna simba na fisi, na kuna kimeta, ugonjwa ambao huua mifugo na watu. Msiokote manyoya pia: chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, unyoya wa mnyamapori ni nyara ya serikali, na kukaa nayo bila kibali ni kosa. Kwa somo la darasani tumieni manyoya ya kuku. Na asiwepo wa kumfuata ndege kwa macho hadi kwenye jua.

Mkipata gari: uwanja wa ndege

Omba ruhusa ya msimamizi wa uwanja mapema, na uulize siku ambazo ndege hutarajiwa. Usiwaahidi watoto ndege; mfuko wa upepo na njia ya kurukia vinatosha kufundishia. Waulize: mfuko ukielekea kusini, rubani ataondoka akielekea wapi? Kaskazini, kwa sababu ndege huruka dhidi ya upepo, kama tiara.

Rubani akikubali kuwaonyesha ndege, kwanza injini izimwe na pangaboi lisimame kabisa, kisha mtu mzima asimame kati ya pangaboi na wanafunzi muda wote. Mwombe ashushe flapu (vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa), wanafunzi waone bawa likipinda na kupanuka kwa ajili ya mwendo mdogo wa kutua. Watakumbuka tumbusi anayetua.

Jambo ambalo shule za pwani haziwezi kulionyesha ni hili: nyanda za Loliondo ziko kwenye kimo cha kama mita 2,000. Huko hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 18, na ndege yenye uzito ule ule inahitaji mwendo ulioongezeka kwa karibu asilimia 10 ili iinuke. Joto la mchana huzidisha ugumu. Ndiyo maana mzigo hupunguzwa, au safari hupangwa asubuhi.

Kwa shule za Karatu, njia ya kwenda kreta ya Ngorongoro hupita kwenye kumbukumbu ya Michael Grzimek, Mjerumani aliyewahesabu wanyama wa Serengeti akiwa na baba yake, Bernhard, kwa ndege iliyopakwa milia ya punda. Alifariki Januari 10, 1959, ndege yake ilipogongana na tumbusi. Simameni hapo kwa heshima, mzungumze kwa nini ndege mwenye kilo chache anaweza kuangusha chombo cha chuma: mwendo ukiwa mkubwa, nishati ya mgongano huwa kubwa mno.

Hesabu ya kurudi nayo darasani

Gawa uzito wa kirukaji kwa eneo la mabawa yake:

| Kirukaji | Kilo | Eneo la mabawa (m²) | Kilo kwa m² |
|---|---|---|---|
| Kuku wa shule | mpimeni | mpimeni | ? |
| Tumbusi mgongo mweupe | 5.4 | 0.69 | 8 |
| Cessna Caravan, ikiwa imejaa | 3,629 | 26 | 140 |

Kuku ashikwe kwa upole, bawa moja litandazwe juu ya karatasi ya mraba, lichorwe, eneo lizidishwe kwa mbili. Namba ya mwisho ikiwa kubwa, kirukaji hulazimika kwenda kasi ili kibebwe, na kasi hiyo hufuata kipeuo cha pili. Kwa hiyo 140 gawa kwa 8 ni 17.5, na kipeuo chake ni kama 4.2: Caravan inahitaji kasi ya mara nne hivi ya tumbusi. Waulize kwa nini basi ndege hiyo inahitaji njia ndefu ya kurukia, na tumbusi anatosheka na hatua chache za kukimbia.

Upepo ukikosekana

Itatokea. Msirudi nyumbani. Jaribio la shuka lifanyike kwa kukimbia, kwa zamu fupi, kwenye tambarare. Tiara ivutwe kwa mbio za hatua 30 na mizani isomwe na anayekimbia, akipaza sauti ili mwenzake aandike. Kituo cha tumbusi kisogezwe mbele, kwa sababu siku tulivu yenye jua ndiyo inayoonyesha vizuri hewa inayopanda bila kuchanganywa na upepo wa mteremko. Likitanda wingu zito pia, kaeni kivulini mkunje ndege za karatasi za mabawa mapana na membamba, mzirushe kutoka kimo kimoja, mpime umbali, kisha mpange siku nyingine ya tiara kabla wanafunzi hawajatawanyika.